Likizo ya Siku Arobaini

Usiku wa kwanza Handali kitanda kiliyumba.
Niliamka nikipapasa ukuta, nikitafuta chuma,
nikapata udongo, ukanibaki kuchani.
Mama, chumba cha pili, akauliza, "Umekunywa?"
Sijanywa, mama. Ni nchi kavu,
haijanizoea.

Miezi tisa nimefua taulo.
Sitaha ya pili, chini ya usawa wa maji,
hakuna dirisha, mchana ni kengele,
mashine kumi na mbili zinakoroma
kama ng'ombe walioshiba magadi,
na mimi na Rodel tunakunja, tunakunja,
elfu nne kwa siku bahari ikiwa shwari.
Ikichafuka, elfu tano:
matajiri nao hutapika.

Shangazi Peresi hucheka hadi kilemba kinamdondoka.
"Tulikubatiza Yona bila kuwaza!
Haya, huyo samaki anakulipa?"
Ananilipa, shangazi, kila tarehe ishirini na tano.
Bati hizi juu yako ni za samaki,
na mbuzi saba,
ingawa wawili fisi kawahi.

Yapo mema, niyaseme.
Siku yangu ya kuzaliwa wapishi walinifichia keki
iliyobonyea ubavu; tuliila tumesimama, saa nane usiku.
Rodel alijifunza kusema "Mbukwa", akawa ananiamshia hiyo.
Na alfajiri moja nilipanda juu kuvuta hewa
nikaona barafu, mlima mzima, unaelea, wa bluu,
nikatafuta Kigogo chake.
Nikashuka mikono mitupu.

Na yapo mengine.
Baba alizikwa Jumanne. Mimi nilijua Ijumaa,
bandarini, mtandao uliposhika,
simu ikatetemeka mfululizo juu ya kreti.
Ujumbe wa kwanza: Piga nyumbani.
Wa kumi na tisa: Tumeshamaliza, usihangaike.
Saa kumi zamu ikaanza.
Msimamizi alinipa pole,
akanipunguzia mashuka.

Jana nilikwenda na mama bombani.
Maji yana chumvichumvi, lakini ndiyo yaliyopo,
na dumu letu lilikuwa la ishirini na saba.
"Huko mnafulia maji gani?"
Ya bahari, mama. Kuna mtambo unaotoa chumvi.
Akanyamaza. Akahesabu madumu ya mbele.
"Kwa siku, kiasi gani?"
Namba ninayo. Imebandikwa karibu na mlango
kwa wino mwekundu, naijua kama namba ya simu.
Nikasema, "Mengi."
"Mengi vipi?"
"Mengi tu, mama."
Akasema, kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima,
"Basi mwambie mwenye meli,
akiuchoka huo mtambo, sisi tupo."
Wanawake wakacheka. Tukasogea hatua moja.

Nyemo wangu ana miaka minne na bado ananiogopa,
hunijia kwa ubavu, kama mwanambuzi.
Nilimkunjia batamaji kwa taulo,
shingo ndefu, kama tunavyowawekea wageni kitandani.
Akamtazama. "Huyu kuku anaumwa."
Akamwekea uwele, konzi moja, akaenda kulala.
Asubuhi uwele haupo
(kuku wenyewe wanajua ulikokwenda).
"Baba, amekula! Amekula!"
akanishika mguu kwa mikono miwili
na kwa mara ya kwanza tangu nifike
sakafu ikatulia.

Wakala ameandika. Ndege ni tarehe tisa.
Mama amefua sare yangu nyeupe kwa nusu ndoo,
ameianika juu ya uzio wa minyaa,
na upepo wa Agosti haukumuuliza mtu:
kola imeshika wekundu wa njia ya bombani.
Mashine zangu zingeutoa kwa dakika arobaini.
Mama anaona aibu, anataka kurudia,
anatazama ndoo.

Acha, mama.
Nimeikunja hivyohivyo, kola kwa ndani.