Fomu ya Njia Namba Saba

Nimetumwa kutoka Maskati na saa ya kubonyeza,
ubao wa kuegemezea karatasi, kalamu mbili,
niipime Njia Namba Saba ya hapa Ibra,
aliyoibeba Zahor bin Mselem huu mwaka wa kumi na tisa.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi.
Ameshanisalimia mimi, akamsalimia baba yangu kupitia kwangu,
kisha akaufikia mtaa wetu wa Unguja:
"Ng'ambo ipi? Karibu na kwa nani?"
Dakika nne zimepita. Sina safu ya kuziandika.

Anachambua bahasha. Namba hazifuati.
Vibao vya namba vilibandikwa juzi,
nusu yake jua limeshavibandua.
Anapanga kwa anachokijua: geti la bati la kijani,
ngazi iliyovunjika, mama wa mapacha,
fundi cherehani Mbangali ambaye hafungui mpaka amalize chai.
"Na hii ya mbali, mbona iko juu?"
"Huyo nesi, zamu ya usiku. Nikichelewa, kalala.
Nikimwamsha, nimemwonea."
Naandika: mpangilio si wa kawaida.

Tunatoka. Saa nne tu, na joto ni nyuzi arobaini na sita.
Nabonyeza anaposhuka, nabonyeza anapopanda.
Mwongozo unasema mlango mmoja sekunde arobaini na tano,
kengele ikiwemo.
Aliyeuandika hajapata kushika komeo la chuma mwezi wa Julai.
Zahor hulishika kwa ncha ya kilemba,
kama mpishi anayeepua sufuria.

Leo Jumatano, soko la wanawake.
Ana kifurushi cha rejista cha Bi Shinuna, muuza udi,
na wanaume hatuingii. Sahihi lazima iwe yake mwenyewe.
Tunamtuma mtoto. Mtoto anapotea kwenye vitambaa.
Tunasimama ukutani, kivuli chembamba kama rula,
miguu imo kivulini, vichwa juani.
Dakika tisa. Fomu inauliza sababu ya kusubiri,
inanipa tatu nichague: mvua, mbwa, lifti.
Zahor anaisoma begani kwangu, anacheka mpaka anakohoa.
"Weka lifti," anasema. "Ibra nzima watakushukuru."

Namwambia, mimi sikupimi wewe, napima njia.
"Njia haina magoti," anajibu, na haongezi neno
mpaka tumepita mashamba ya mitende.
Hapo ndipo anaponipa habari za wenzake:
mmoja, wiki ya kupimwa, alikimbia aonekane shupavu,
wakamwongezea mtaa mzima.
Mwingine alijikokota, akaandikwa mvivu.
"Mimi nitatembea nilivyotembea jana.
Ukija kesho, utanikuta hivi hivi."

Usiku, chumba cha wageni, kiyoyozi kinanguruma.
Milango mia moja themanini na sita.
Kilomita thelathini na moja za gari, tisa za miguu.
Naingiza. Kompyuta haifikiri sana:
njia ina nafasi ya saa moja na dakika tano,
iongezewe nyumba arobaini.

Sehemu ya maoni ina mistari mitatu.
Wa kwanza nimeandika nesi.
Wa pili, soko.
Wa tatu nimeandika magoti, nikafuta,
nikaandika tena, nikafuta, karatasi ikatoboka.

Alfajiri napapasa mfuko wa kanzu, natoa saa.
Tangu mlango wa mwisho jana sikuizima.
Saa kumi na nne, dakika hamsini na tatu,
na bado inakwenda.

Nikifika posta Zahor ameshamaliza kuchambua.
Bahasha ya nesi iko juu.
Anaitazama kalamu yangu, ananitazama viatu.
"Leo unapima tena," anauliza, "au unabeba?"
Mkoba ameshanivisha begani.