Kivuli Kina Mwenyewe

Mtaa wetu Mabela, kule lami ilikochoka ikakatika,
hauna mstari mweupe wala mashine ya kulisha sarafu.
Baladia huishia kwenye mzunguko wa kituo cha mafuta;
huku nyuma kila mtu anaegesha alivyorithi.

Sheria zipo. Hazijaandikwa, ndiyo maana hazifutiki.
Usizibe geti la mwenzio.
Usizibe njia ya gari la maji.
Siku ya hitima, mtaa mzima ni wa wafiwa.
Mgeni wa Ijumaa husamehewa mpaka alasiri.
Na juu ya yote: kivuli kina mwenyewe.
Mwezi wa sita, usukani ukichoma kama chuma cha kuokea mkate,
watu wazima na ndevu zao hununiana
kwa shubiri moja ya giza.

Kivuli kipana kuliko vyote ni cha ukuta wa Bi Thuwaiba.
Adhuhuri ikipinduka kinashuka, kinajinyoosha,
kinatosha magari mawili na baiskeli ya muuza mikate.
Pale pana Korola ya marehemu, Bwana Hilal bin Muhanna,
miaka mitatu haijaunguruma.
Mbele na nyuma yake, ndoo mbili za rangi zimejazwa saruji.
Hizo ndizo hati miliki.

Jumapili moja akaja kijana wa Baladia,
kanzu imenyooka, kalamu mfukoni.
Akapitisha kidole juu ya vumbi la boneti:
mstari wa kwanza
serikali kuuchora mtaani kwetu.
Kisha akabandika karatasi kiooni.
Gari limetelekezwa. Siku kumi na nne, halafu winchi.

Bi Thuwaiba aliisoma miwani ikiwa juu ya paji la uso,
yaani hakuisoma.
“Limetelekezwa na nani, na mimi nipo?”
Akaingia ndani. Tukasikia sufuria zikigombezwa.

Nakiri, mimi nilifurahi. Kidogo.
Gari langu hulala juani tangu nihamie,
dashibodi imepasuka kama kisigino.
Nikawa nahesabu siku kama anayengoja mshahara:
ya pili, ya tatu, ya nne.

Ya tano, baada ya sala ya alfajiri,
nikawakuta Badru fundi viyoyozi,
Kuruvila nesi wa Kerala, bado na sare ya zamu ya usiku,
na mapacha wa Bi Rayya,
mikono yote kwenye buti la Korola.
“Sukuma,” wakaniambia, hata salamu hakuna.
Nikasukuma.

Hatua tatu mbele. Ndoo tukazihamisha.
Keshokutwa, hatua tatu nyuma.
Badru akaleta pampu ya matairi.
Mapacha wakaliosha kwa maji ya kiyoyozi, tone kwa tone,
wakabishana nani afute ule mstari wa kidole.
Hakuna aliyeitisha kikao.

Siku ya kumi na nne kijana akarudi.
Akachungulia chini ya matairi.
“Linatembea?”
“Linatembea,” tukaitika kama darasa la Kurani.
“Anaendesha nani?”

Hapo tukaanza kutazama viatu vyetu.

Geti likalia. Bi Thuwaiba akatoka, ufunguo mkononi,
mwanamke asiyewahi kushika usukani,
akafungua mlango, akaketi, akaweka kioo sawa,
akaikazia macho barabara kama mwenye safari ya Salala.
Akabonyeza honi.

Betri ilikufa zamani, kabla ya mwenyewe.

Lakini honi ililia.
Ilikuwa yangu, kule juani;
kiganja changu kilikwisha kuungua
kabla sijajua nimefanya nini.

Kijana akanitazama. Akamtazama yeye.
Akabandua karatasi taratibu, kwa kucha,
asiache gundi.

Jioni ndoo moja ilisogezwa upande.
“Wewe wa honi,” akaniita kutoka dirishani,
“nusu yako. Ijumaa unaondoka, Hilal alikuwa hapendi kubanwa.”

Sasa naegesha pale.
Tairi moja bado liko juani,
na sijathubutu kumwambia.