Nyuzi Ishirini, Nyuzi Sita

Tampere, Februari. Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na Tuovi hafungui sanduku upesi;
huliacha kwanza lizoee joto,
rangi isije ikapasuka.

Gitaa jekundu, la mwaka themanini na sita.
Daraja limekwisha: makali yamelika,
skrubu zimeng'ang'ana na kutu
ya jasho la Aulis, siku hizi fundi bomba,
anayesikia kwa sikio moja.

Daraja jipya limetoka Korea.
Halitaki matundu ya wakubwa wake.
Basi ziba kwa kijiti na gundi, lala,
kesho utoboe upya,
pumzi umeibana.

Halafu ndiyo kazi:
kaza uzi mmoja, tano zinalegea.
Zikaze hizo tano, wa kwanza unanuna.
Vuta springi mgongoni, daraja linainama,
chai inapoa,
mpaka litulie sawa kama maji bakulini.
Funga kufuli.

Aulis anakandamiza mkono wa chuma.
Nyuzi zinazama, zinazama, kimya.
Anauachia.
Zinarudi zote sita, pale pale.

Habari ya bei haulizi.
Anageuza kichwa, upande wa sikio zima.
"Tena," anasema.