Viatu vya Mwakani

Panevėžys, Februari. Theluji imeziba kioo cha hoteli,
nami nina majina ishirini na penseli moja.
Klabu kule Kaunas inataka orodha kabla ya saa tatu asubuhi:
nani wa kwanza, nani wa ishirini,
si kwa walichocheza jana
bali kwa watakachocheza mimi nikiwa mzee.

Wananilipa nitabiri. Mganga angalau ana ramli;
mimi nina utepe wa kupimia,
saa ya kuhesabia mbio,
na goti la kushoto linaloijua theluji kabla ya redio.

Wa kwanza, Vakaris. Miaka kumi na tisa,
mikono inayogusa magoti bila yeye kuinama.
Akiruka, ukumbi mzima unavuta pumzi
na kusahau kuirudisha.
Hatoi pasi. Naandika: "Atajifunza."
Neno hilo nimewaandikia wangapi?
Wengine leo wana vipara, na bado hawajajifunza.

Wa pili, Jogaila. Baba yake alicheza,
babu yake alicheza,
hata mbwa wao ana miguu mirefu.

Wa tatu,
na hapa penseli inasita.
Wa tatu nilikuwa mimi.
Gazeti la Jumatatu, picha ndogo kama stempu:
Skirmantas, kijana wa tatu kwa matumaini nchini.
Mama aliikata kwa mkasi wake wa kushonea,
ule ambao hatukuruhusiwa kukatia karatasi.
Wa kwanza wetu anauza matairi Alytus.
Wa pili yuko Ayalandi, anapaka rangi nyumba za watu.
Na yule ambaye hakuwamo kabisa, Kęstas wa benchi, mfupi,
alicheza hadi miaka thelathini na minane
akastaafu analia, kwa kuwa hakushiba.

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi.
Sawa. Lakini wahenga hawakuishi kaskazini hii
ambako Desemba asubuhi hufika karibu saa tatu,
na ikifika, imejifunika mawingu gubigubi.

Naendelea. Wa nne, wa tano, wepesi.
Kuanzia wa sita ndiko kwenye kazi:
tofauti ya wa saba na wa kumi na moja
wakati mwingine ni kama nimekula chakula cha jioni au sijala.

Wa kumi na moja, basi. Eimutis, mgawa mipira.
Pointi nne, pasi tisa, gazetini hakuna kitu.
Jana alinifuata kwenye korido, viatu mkononi,
soksi zikiacha nyayo za maji sakafuni.
Nikajiandaa kwa lile swali. Wote huuliza:
mimi ni wa ngapi?
Yeye akauliza kama gari langu linapita stesheni.

Njiani nikavitazama vile viatu mapajani mwake.
Namba arobaini na tisa. Mguu wake ni arobaini na saba,
niliupima mwenyewe.
"Mama hununua vya mwakani," akasema.
"Vya mwaka huu huisha upesi."
Mbele, kwenye vidole, amejaza magazeti.
Nikauliza, basi unakimbiaje?
"Nakaza kamba."

Nimempandisha hadi wa sita.
Nimemshusha. Nimempandisha tena.
Karatasi imetoboka hapo,
na kupitia tundu naona meza.

Saa moja unusu. Nje bado kuna giza.
Mtu fulani anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake,
upande wa dereva tu,
kiduara kidogo kama sahani,
cha kumtosha kuona mbele
mpaka kona ya kwanza.