Kumsemea Dubu

Ghorofa ya pili, Ruwi, juu ya fundi wa kanzu,
Zakwani anafunga mlango, anavuta pazia,
kisha anazima kiyoyozi, maana kinanguruma
na kipaza sauti hakichagui cha kusikia.
Nje ni nyuzi arubaini na saba.
Kwenye skrini dubu mweupe anakung'uta maji manyoyani.

Kazi yangu ni kumsemea kwa Kiswahili.
Taulo shingoni, karatasi zimeninata mkononi,
nasoma: "Baridi ya huku hukata kama wembe."
Jasho linaniingia jichoni.
"Tena," anasema Zakwani. "Umehema."

Mwandishi wao ana majina kumi na moja:
barafu changa, barafu kuukuu, ya pwani, ya kuelea,
ile nyembamba inayolia ikikanyagwa.
Mimi nina barafu, basi.
Na theluji; lakini muulize muuza duka hapo chini,
thelji kwake ni vipande vya kutilia samaki.
Barafu niliyokulia mimi ilikuwa ya ukwaju,
ya mfuko wa nailoni, Ng'ambo,
ikikwisha kabla hujafika kwenu.

Ukurasa wa nne dubu anangoja.
Anangoja bahari igande amwendee sili,
na bahari haigandi.
Mbavu zake zinahesabika.

Hapo niliandika: *barafu huyeyuka*.
Huyeyuka, kama jua huchwa, kama watu hufa,
hakuna wa kuulizwa.
Nikaifuta *hu*.
*Iliyeyuka*: hadithi, twendeni tukalale.
"*Imeyeyuka*?" anapendekeza Zakwani.
Bado, namwambia. Ikishafika *me*,
sisi humu tunamsomea nani?

Taa nyekundu inawaka. Dubu ananitazama,
au anatazama kamera, sijui.
Nasikia mdomo wangu ukisema: "Tunaiyeyusha."

Zakwani anapitisha kidole kwenye hati ya Kiingereza.
"Hapa hakuna *tu*."
"Najua."
Harudishi nyuma. Anaandika saa na dakika, basi.

Tukimaliza anawasha kiyoyozi,
na sote wawili tunakiinulia nyuso, macho tumefumba,
kama watoto wanaopakwa poda.
Upande wa pili wa ukuta
mgongo wake unatema moto uchochoroni,
unadondosha maji, tone, tone,
kwenye kopo la maziwa alilotega fundi.
Kunguru ameshawahi, mdomo wazi.
Anangoja lijae.