Kinyota Kando ya Gurudumu

Mimi ndiye niliyeyaandika maneno yale.
Sikuyatunga. Niliyaandika, kwa brashi ya manyoya,
rangi nyekundu, herufi za urefu wa mkono,
ubavuni mwa lori la Duquette:
BEI MOJA. HAKUNA LA ZIADA.
Herufi ya mwanzo nikaipinda kwa madaha,
nikarudi nyuma hatua nne, nikajisifu.

Kisha Duquette akachutama, akagusa bati
chini kabisa, nyuma ya gurudumu.
"Na hapa, kinyota. Kidogo, kama punje ya mtama.
Halafu: masharti yapo."
Nikamwambia matope yatakifunika.
Akacheka, akanilipa taslimu.

Montreal, tarehe mosi Julai, utadhani mji mzima unahama.
Magodoro hupita barabarani kama watu,
majokofu husimama kwenye vituo vya basi,
na ngazi zetu za chuma, zile za nje,
zinazojisokota ukutani kama mkia wa kinyonga,
kila moja ina mtu katikati, kabati mgongoni,
akimlaani fundi aliyeichora.

Bi Odile Charlebois, miaka sabini na sita,
ghorofa ya tatu, mtaa wa Drolet,
aliliona lori langu.
Nasema langu.
Dola mia nne na themanini, aliambiwa kwenye simu.
Vitu vyake vilipokwisha kuingia, mlango ukafungwa,
kufuli ikalia, ndipo hesabu ikaanza kuzaa:
ngazi, ziada; ngazi ya kuzunguka, ziada juu ya ziada;
piano, hukusema piano (alisema, mara mbili);
mafuta; mablanketi; mvua ambayo haikunyesha.
Elfu moja mia tatu na kumi, mkononi, sasa hivi,
la sivyo kitanda chako kitalala ghalani.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga.
Hawakukutana na Duquette. Yake aliipima kwa kilomita
na kumtoza mwingine.

Nilikuwepo. Nilikuwa nikinywa kahawa ng'ambo ya barabara.
Nilimwona akienda benki na kitembezi chake, akirudi,
akihesabu noti juu ya boneti, akilowesha kidole kwa ulimi,
na mchukuzi mmoja, kijana wa Kihaiti,
akitazama viatu vyake tu.
Sikuvuka.
Nilikitafuta kinyota. Matope yalikuwa yamefanya kazi yake.

Machi iliyofuata kijana yule alikuja karakanani
na lori la mtumba, jeupe, lenye kukohoa.
Fritznel Desrosiers. Lake mwenyewe, kasoro deni.
Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nane:

Saa moja, dola mia moja na kumi na tano.
Ngazi tunazihesabu. Tuambie ziko ngapi.
Piano, tuje kwanza tuione.
Tuliwahi kuvunja kioo. Tumelipa.

Nikamwambia, ndugu, hili si tangazo, ni ungamo.
Kizuri chajiuza, sawa,
lakini hata kizuri hakijitangazii ufa.
Na nafasi haitoshi.
"Punguza jina langu," akasema.
Na kinyota nikiweke wapi?
"Cha nini?"

Nilichora siku mbili. Kwenye kioo mkono ulinitetemeka;
ukitazama vizuri, herufi ya mwisho imelala upande.

Wiki tatu simu haikulia.
Alikula mkate na dagaa wa kopo kwenye kiti cha dereva,
lori likiwa limeegeshwa mahali linaposomeka.
Ililia Alhamisi, nami nipo pale, nimefuata deni langu.
Sauti ya bibi, polepole. Hakuuliza bei.
Aliuliza kama kile kioo kilikuwa na fremu ya shaba
na ua limechongwa kona ya kushoto,
maana kuna bahasha aliikuta mlangoni mwaka jana,
noti ndogondogo, bila jina.

Fritznel alinitazama, kisha akatazama viatu vyake.
"Mama," akasema, "huko unakohamia,
ngazi ziko ngapi?"