Karai la Maji

Mpira ukivuja simuulizi mwenye baiskeli.
Naujaza upepo, nauzamisha karaini,
nausubiri useme.
Hapa Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
hakuna tundu lililowahi kunificha mapovu.

Jumatatu, Bombo, Dokta Mhina kanipa mrija:
"Puliza, Sefu. Mpaka mwisho."
Nikapuliza.
Mwisho ukawa karibu, kama jirani.

"Unavuta ngapi kwa siku?"
Nikasema kumi.
(Ni ishirini. Na dokta naye alale.)
"Na moyoni, unajisikiaje?"
Hapo sikuwa na namba ya kupunguza.

Ningeanzia wapi?
Kwamba kikohozi changu huamka kabla ya mwadhini.
Kwamba Tanga yote hii tambarare,
mie naipanda kama njia ya Lushoto.
Kwamba Saumu hulifua shati langu, akalinusa,
akalirudisha kwenye beseni bila neno.
Kwamba saa nane za usiku naketi kizingitini
na woga uliokuja bila barua,
wala deni sina la kuubandika jina.

Mwaka ule walipotufungia geti la kiwanda
rafiki alinipa ya kwanza: "Vuta, inatuliza."
Ikatuliza, sikatai,
kama mdai anavyotulia ukimlipa:
anashukuru, anaondoka,
saa moja haijesha anabisha hodi.
Miaka ishirini na mitatu namlipa,
namshukuru kwa kunipunguzia
mzigo alioubeba mwenyewe hadi mlangoni kwangu.

Wiki iliyopita nilimrushia Kibwana spana.
Kosa lake: mluzi.
Ilimpita sikioni, ikagonga rimu,
nayo rimu ikalia
muda mrefu kuliko tulivyoweza kutazamana.

Leo kaja binti wa shule na pancha.
Nimeiinamia pampu, mara tatu, nne,
nikasimama nimeshika ukuta.
"Babu, mbona na wewe unavuja?"
Kibwana akacheka,
kisha akaitupia jicho spana,
akakikata kicheko katikati.

Nimempa pampu. Nimempa na spana.
Mfukoni zimebaki saba,
nazihesabu kwa kidole juu ya kitambaa.
Maji ya karai yametulia.
Mpira wa binti uko tayari, umeshika upepo,
nami bado nimeinama hapo,
kama mtu aliyeangusha kitu
asichotaka wenzake wamsaidie kukitafuta.